Mtoto wa kaka yangu yuko mahabusu kwa utapeli wa uwekezaji wa mtandaoni: je, niweke hati ya kiwanja changu ili apate dhamana?

*Swali: Wakili, naomba ushauri wako. Nina duka la vitenge Mwanjelwa na ni mweka hazina wa kikoba chetu cha wanawake. Mtoto wa kaka yangu, ambaye nimemlea mwenyewe tangu kaka alipofariki, alituingiza kwenye jukwaa la uwekezaji la mtandaoni lililoahidi faida ya kila siku kupitia simu. Mimi niliweka shilingi 2,400,000, na kila nilipomwingiza mwenzangu niliongezewa bonasi kidogo. Jukwaa likafungwa ghafla. Yeye na wakala mwenzake wamekamatwa na kufikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi hapa Mbeya kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, jumla shilingi 46,000,000. Hakimu amesema dhamana iko wazi lakini masharti ni magumu. Ukoo umekaa kikao na kuamua nitoe hati ya kiwanja changu cha Uyole. Wenzangu wa kikoba wanasema nikimtoa nimewasaliti, kwa kuwa akitoka tu kesi imekufa. Wengine wanasema atoke, ili fedha ya dhamana tugawiwe sisi tuliotapeliwa. Jirani naye anashikilia kwamba makosa ya mtandao hayana dhamana, kwa hiyo kama imefunguliwa, kuna mtu amekula. Nifanye nini?*

Dada yangu, pole sana kwa mzigo huu uliokuangukia kutoka pande mbili. Wewe umetapeliwa kama wenzako, na wakati huohuo wewe ndiye mama wa kijana anayeshtakiwa kwa kuwatapeli. Kikao cha ukoo kimekutazama kama shangazi mwenye hati, na kikoba kimekutazama kama mweka hazina aliyeaminiwa. Nitaeleza kwanza dhamana ni kitu gani, kwa sababu maneno matatu uliyoambiwa na watu wako yote yana kasoro. Kisha nitakupa maoni yangu kuhusu hiyo hati bila kuzunguka.

Dhamana ni ahadi ya kufika mahakamani, wala si msamaha au hukumu, na haionyeshi kwamba hakimu ameona ushahidi ni dhaifu. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kwamba analo. Kwa hiyo, katika hatua hii hakimu hajiulizi kama kijana wenu aliwaibia. Anajiuliza kama atarudi siku ya kutajwa na siku ya kusikilizwa, kama atawatisha au kuwarubuni mashahidi, kama ataharibu vielelezo, na kama usalama wake mwenyewe hautakuwa hatarini akiwa uraiani. Akiridhika kwamba masharti fulani yatazuia hayo, anamwachia kwa masharti, na kesi inaendelea mahali ilipokuwa. Kesi za mshtakiwa aliye nje huitwa, mashahidi husikilizwa, hukumu hutolewa, na mtu aliyekuwa akitokea nyumbani anaweza kuingia Gereza la Ruanda siku hiyohiyo ya hukumu. Waambie hivyo wenzako wa kikoba. Kesi hufa ushahidi unapokosekana au mashahidi wanapoacha kufika, na mimi nimeona zaidi ya mara moja wadai wakiacha kufika kwa kudhani kwamba dhamana ndiyo imewamaliza. Kufanya hivyo ni kumsaidia mshtakiwa kwa mikono yao wenyewe.

Kuhusu fedha ya dhamana kugawiwa nyinyi, hapana. Kile kinachowekwa mahakamani, kiwe fedha taslimu au hati, ni rehani ya mahudhurio. Mshtakiwa akihudhuria mpaka mwisho, kinarudishwa kwa aliyekiweka, hata kama mshtakiwa amepatikana na hatia. Akitoroka, kinaweza kutaifishwa, na kikitaifishwa kinakwenda serikalini, si kwenye sanduku la kikoba. Fidia yenu ina njia zake, nitazitaja mbele.

Sasa jirani yako, ambaye maneno yake yanahitaji maelezo marefu zaidi kwa sababu yamebeba chembe ya ukweli. Hakuna sheria inayosema kwamba kosa lililotendwa kwa simu au intaneti halina dhamana. Kinachoamua ni jina la kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka, na tukio moja la aina hii linaweza kuandikwa kwa namna nyingi. Mwendesha mashtaka anaweza kuandika kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, au kuendesha mradi wa upatu, yaani ule ambao waliotangulia hulipwa kwa fedha za wanaoingia baadaye, yote chini ya Kanuni ya Adhabu. Anaweza kuandika kupokea amana za umma bila leseni chini ya sheria ya mabenki na taasisi za fedha, au udanganyifu unaohusiana na kompyuta chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Makosa haya yana dhamana. Viongozi wa DECI, mradi wa upatu ambao wasomaji wa umri wangu wanaukumbuka, walishtakiwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 2009 kwa makosa ya upatu na kupokea amana, na kesi yao iliendelea mpaka hukumu mwaka 2013.

Hata hivyo, mwendesha mashtaka akiongeza shtaka la utakatishaji wa fedha haramu, yaani kuficha asili ya fedha zilizotokana na uhalifu, mlango wa dhamana unafungwa kabisa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu ambacho wanasheria tumezoea kukiita cha 148(5), inaorodhesha makosa ambayo mahakama haina mamlaka ya kuyatolea dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, usafirishaji wa dawa za kulevya, ugaidi, biashara haramu ya binadamu, na utakatishaji huo. Kifungu hiki kimepiganiwa sana. Mwezi Mei 2020, Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinakiuka Katiba katika shauri lililofunguliwa na Dickson Sanga, lakini mwezi Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki. Kilichoondoka ni uwezo wa Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati yake tu, ambao Mahakama Kuu iliubatilisha mwaka 2015 katika shauri la wakili Jeremia Mtobesya, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2018. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba hakimu angepaswa kuachiwa uamuzi kwa kila mshtakiwa, hasa mawakala wadogo wa majukwaa haya, ambao mara nyingi fedha zilipita mikononi mwao kwa saa chache tu kabla ya kuondoka nchini, huku wenye jukwaa hata sura zao hazijulikani. Lakini sheria ndivyo ilivyo leo, na ndugu wa mshtakiwa wanapaswa kuijua ilivyo.

Kwa maelezo yako, kijana ameshtakiwa kwa udanganyifu pekee. Hakimu aliposema dhamana iko wazi alikuwa anafuata sheria. Hapo hapajahitajika mtu kula. Kama kuna mtu amewaomba fedha, iwe polisi, karani, au mmoja wa wale wanaozungukazunguka nje ya uwanja wa mahakama wakijiita wadhamini wa kukodi, hilo ni kosa jingine, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Dhamana, ya polisi na ya mahakama, haina ada.

Masharti uliyoyaona kuwa magumu yana chanzo chake. Kosa linapohusu fedha au mali inayozidi shilingi 10,000,000, sheria hiyohiyo inataka mshtakiwa aweke mahakamani fedha taslimu au mali yenye thamani ya nusu ya kiasi kinachodaiwa, na nusu iliyobaki aifungie bondi, yaani hati ya ahadi kwamba italipwa mshtakiwa asipofika mahakamani. Katika shauri lenu nusu ya shilingi 46,000,000 ni shilingi 23,000,000. Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa bila sababu, kwa kudhani kila mshtakiwa anatakiwa kuweka nusu nzima peke yake. Mahakama ya Rufani ilikwishakubali kanuni ya kugawana: washtakiwa wakiwa zaidi ya mmoja katika shtaka moja, mzigo huo unagawanywa kati yao. Washtakiwa wenu ni wawili, kwa hiyo kila mmoja anapaswa kuweka shilingi 11,500,000 au mali ya thamani hiyo, na bondi ya kiasi kama hicho. Kama amri ya hakimu imemtaka kila mmoja aweke shilingi 23,000,000, wakili anaweza kumkumbusha kanuni hiyo, na ikishindikana, Mahakama Kuu hapa Mbeya ina uwezo wa kulegeza masharti. Wakili asome toleo la sheria linalotumika siku ya maombi, kwa sababu viwango vya fedha katika sheria zetu hubadilishwa. Kwa mfano, katika kesi za uhujumu uchumi, kiwango kinachopeleka maombi ya dhamana Mahakama Kuu kilikuwa shilingi milioni 10, nacho kimepandishwa hadi milioni 300.

Mali inayowekwa si lazima iwe fedha, wala si lazima iwe na hati miliki ya mjini. Kwa mali isiyohamishika, sheria inaruhusu kuweka hati, na pale ambapo hati haipo, ushahidi mwingine utakaoiridhisha mahakama kwamba mali hiyo ipo. Kwa watu wetu wa Rungwe, Mbozi, Makete na Mufindi, ambao utajiri wao ni shamba la chai, kahawa, parachichi au miti ya mbao, jambo hili ni kubwa. Hati ya hakimiliki ya kimila, pamoja na barua ya serikali ya kijiji na taarifa ya mthamini, inaweza kuwasilishwa, na hakimu ataipima. Nakutajia hili kwa makusudi, kwa sababu ukoo umekitazama kiwanja chako cha Uyole kana kwamba ndicho mali pekee iliyopo, na huenda sivyo.

Masharti mengine ni ya kawaida: wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, kukabidhi pasi ya kusafiria, na kutotoka nje ya eneo lililotajwa bila ruhusa. Hili la mwisho msilichukulie kwa wepesi katika mkoa wetu. Mtu akipanda basi asubuhi hapa mjini, anaweza kufika Tunduma kwenye mpaka wa Zambia, au Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi, siku hiyohiyo. Waendesha mashtaka wa huku wanajua hivyo, na mara nyingi ndiyo hoja yao ya kwanza. Katika kesi za mtandaoni mahakama inaweza pia kumkataza asiwasiliane na wanachama wa kundi lile la WhatsApp, au kumtaka aripoti polisi kila baada ya siku kadhaa.

Sasa hati yako, dada. Ushauri wangu ni kwamba usiiweke.

Sababu ya kwanza ni kwamba wewe ni shahidi. Umepoteza fedha, umemsikia akieleza mpango, na unawafahamu waliolipa. Mdhamini ana wajibu wa kuhakikisha mshtakiwa anafika mahakamani, na shahidi wa upande wa mashtaka ana wajibu wa kusema alichokijua dhidi yake. Ukiyabeba yote mawili, Wakili wa Serikali anaweza kupinga usikubaliwe kuwa mdhamini, na wakili wa utetezi anaweza kukuuliza kizimbani kwa nini unamshtaki mtu uliyemwekea kiwanja. Zaidi ya hayo, akikatazwa kuwasiliana na mashahidi, atawezaje kuishi chini ya paa lako?

Sababu ya pili ni uzito wa bondi yenyewe. Akiruka dhamana, wewe ndiye utakayeitwa kueleza kwa nini usilipe. Ukishindwa kutoa sababu ya kuridhisha, kiasi ulichofungia bondi kinadaiwa kwako, mali yako inaweza kukamatwa na kuuzwa, na isipotosha, mahakama inaweza hata kukupeleka gerezani. Ni kweli kwamba mdhamini anayeona dalili mbaya anaweza kurudi mahakamani kuomba ajitoe, na mahakama itaamuru mshtakiwa aletwe. Lakini wewe uliyemlea, je, ungeweza kwenda kuomba akamatwe tena? Nauliza kwa heshima, kwa sababu mdhamini asiyeweza kulijibu swali hilo kwa “ndiyo” hafai kusaini.

Sababu ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, nayo uliitaja kwa kupita tu. Ulipata bonasi kwa kila mtu uliyemwingiza. Hata kama ilikuwa ndogo, na hata kama hukuitoa kamwe kwenye simu, mpelelezi anaweza kuuliza kama wewe ulikuwa mwathirika au ulikuwa sehemu ya mtandao wa kutafuta watu. Mapema mwaka 2025, Benki Kuu ilipotoa tahadhari kuhusu jukwaa la LBL, polisi walikamata watu katika mikoa mbalimbali, na maelfu ya wananchi wakajikuta wakijiuliza swali hilohilo. Sisemi kwamba una kosa. Ninasema usiandike maelezo polisi, na usisaini karatasi yoyote ya dhamana, kabla hujakaa na wakili ana kwa ana na kumweleza habari za bonasi hiyo bila kuficha shilingi. Usifute ujumbe wowote ukidhani unajisafisha. Kufuta ndiko kutakakokuletea shaka.

Kama ukoo unataka kijana atoke, wapo watu wanaoweza kumdhamini bila kuumizwa na mgongano huu: mjomba wake, kaka zake wa baba mdogo, au mtu yeyote mwenye makazi ya kudumu na mali, ambaye hakuingia kwenye jukwaa na hatatoa ushahidi. Kuwaelekeza huko si kumtupa mtoto. Unaweza kumpelekea chakula, kumtafutia wakili, na kumwombea, bila kiwanja chako kuwa ndani ya jalada la kesi. Na kama hakuna anayejitokeza, mtasubiri, na wakili ataomba masharti yapunguzwe. Najua kusubiri huku mtoto yuko mahabusu kunauma, wala sikuambii ni jambo jepesi.

Kwa upande wa kikoba, mna sauti, ingawa si ile mnayoidhania. Katika kesi ya jinai mdai hasimami kupinga dhamana. Anayesimama ni Wakili wa Serikali. Lakini yeye anategemea mnachompa. Akitoka, kisha mmoja wenu akapigiwa simu ya vitisho, au akaona washtakiwa wanafungua kundi jipya na kuchangisha tena, au akasikia kwa uhakika kwamba mmoja anauza vitu vyake ili avuke mpaka, taarifa hiyo ipelekwe ofisi ya mashtaka ya mkoa pamoja na ujumbe wenyewe. Mahakama inaweza kufuta dhamana, na aliyewahi kuivunja hupata shida kubwa kuipata tena. Hasira peke yake haitoshi, wala maneno ya sokoni. Hakimu anahitaji kitu cha kushika.

Na fedha zenu je? Nitakuwa mkweli: katika majukwaa haya sehemu kubwa ya fedha huwa imekwisha kuondoka kabla ya mtu wa kwanza kukamatwa. Hata hivyo, zipo njia. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kumwamuru alipe fidia kwa walioathirika. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu pia makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, na ndani yake kunaweza kuwekwa kipengele cha kurudisha fedha. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana, anayeweza kufanya kazi na kuuza mali yake kihalali, wakati mwingine ndiye anayefikia makubaliano hayo mapema. Hoja hii wanawake wenzako huenda hawajaifikiria. Upande wa mashtaka unaweza vilevile kuomba amri ya kuzuia mali zinazotokana na uhalifu zisiuzwe, lakini lazima muwaambie mali hizo ziko wapi: pikipiki iliyonunuliwa miezi ile, nyumba iliyoinuliwa ghafla Mbalizi, akaunti iliyopokea. Shauri la madai nalo linaruhusiwa, ila kwa kiasi cha mtu mmoja mmoja gharama zake zinaweza kumeza kinachodaiwa. Ni heri mfungue kwa pamoja, kama mtafungua.

Ili hayo yawezekane, kila mwanachama atunze simu aliyolipia, achukue taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni yake ya simu, na aache mazungumzo ya kundi kama yalivyo. Picha ya kioo cha simu husaidia, lakini simu yenyewe yenye mazungumzo asilia ina nguvu zaidi, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki hupimwa kwa namna ulivyotunzwa. Kwa kuwa wewe ni mweka hazina, na kwa kuwa una maslahi pande zote mbili, mwachie mwanachama mwingine kazi ya kukusanya orodha ya waliolipa, ili asitokee mtu wa kusema uliipunguza au kuiongeza.

Nenda mahakamani ukaombe nakala ya hati ya mashtaka na ya amri ya dhamana, au umtume wakili wa kijana, kwa sababu yote niliyoyaandika yanasimama juu ya karatasi hizo mbili. Angalia kama kuna shtaka zaidi ya moja, angalia kiasi kilichotajwa, na angalia kama masharti yametajwa kwa kila mshtakiwa au kwa wote kwa pamoja. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa bure. Waulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri au ofisi za Chama cha Wanasheria Tanganyika hapa Mbeya, na wao watakuelekeza. Lakini tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe yule anayemtetea kijana, kwa kuwa maslahi yenu si mamoja. Fanya hivyo kabla ya kikao kingine cha ukoo, na ukiulizwa kuhusu hati, jibu kwamba wewe ni shahidi na umeshauriwa usidhamini.